Sura ya Tatu: Uhuru wa Kurudi

Tarehe 14 Juni 1968, Robin Knox-Johnston, baharia wa meli za biashara mwenye umri wa miaka 29, alitweka matanga katika bandari ya Falmouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa peke yake ndani ya Suhaili, mashua ya mbao yenye urefu wa futi 32. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo, Donald Crowhurst, fundi na mbunifu wa vifaa vya kielektroniki, aliondoka mji wa Teignmouth katika pwani hiyohiyo ya kusini, akimwacha mkewe na watoto wanne. Chombo chake, Teignmouth Electron, kilikuwa na mwili mkubwa katikati na miwili midogo ubavuni, kwa mfano wa ngalawa yetu, ila chenye urefu wa futi 40 na kilichojengwa kwa mbao za tabaka.

Wote wawili walikuwa katika mashindano yaliyoandaliwa na gazeti la Sunday Times: kuizunguka dunia kwa matanga, mtu peke yake, bila kuingia bandari yoyote njiani. Kanuni iliruhusu kuondoka siku yoyote kati ya Juni 1 na Oktoba 31. Waliondoka tisa, akamaliza mmoja. Knox-Johnston alirudi Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312. Teignmouth Electron ilikutwa ikielea katikati ya Atlantiki tarehe 10 Julai 1969, matanga yapo, madaftari yapo, mtu hayupo. Crowhurst hakuwahi kutoka katika bahari hiyo. Kwa miezi kadhaa alikuwa amebaki humo huku akiwaaminisha watu wa nchi kavu, kwa ujumbe wa redio, kwamba anaizunguka dunia.

Waandishi wengi wameusimulia udanganyifu ule. Mimi naomba msomaji wangu autazame muda uliotangulia safari, kwa sababu ndimo mlimo na somo la mtu anayenunua au kujenga mashua leo akiwa na nia ya kuvuka bahari. Mabaharia hawa wawili walitofautiana zaidi katika namna walivyoondoka kuliko katika ushujaa au akili.

Suhaili ilijengwa Bombay kwa mbao za msaji na mafundi wa huko, wakati mwenyewe akifanya kazi katika kampuni ya British India, ambayo meli zake wazee wa Mombasa na Unguja wanazikumbuka vizuri. Mwishoni mwa 1965 yeye, ndugu yake na rafiki yao mmoja waliitoa Bombay, wakapita Uarabuni, wakashuka na pwani ya Afrika Mashariki hadi Durban. Huko fedha ziliwaishia, wakafanya kazi hadi wakapata za kuendelea, kisha wakaipeleka London kupitia Cape Town. Mashua iliyoanza mashindano mwaka 1968 ilikwisha kuzivuka bahari mbili, na bwana wake alizijua aibu zake zote.

Teignmouth Electron ilishushwa majini tarehe 23 Septemba 1968, zikiwa zimebaki wiki tano na ushei kabla ya siku ya mwisho. Safari ya kuipeleka Teignmouth, iliyokadiriwa kuchukua siku tatu, ilichukua karibu wiki mbili, kwa sababu chombo kilishindwa kupanda upepo ipasavyo. Siku zilizobaki zikaliwa na pilikapilika. Vifaa vikarundikwa gatini, vingine vikapakiwa bila mpangilio, vingine vikasahaulika, na miongoni mwa vilivyokosekana ni mipira ya kufyonzea maji ya ngama. Siku chache baada ya kuondoka, skrubu za usukani wa kujiendesha zilianza kulegea na kudondoka, mfuniko wa mwili mmoja wa pembeni ukawa unapitisha maji, na maji yale yakawa hayatoki ila kwa ndoo.

Kasoro za namna hii hutokea katika kila chombo kipya. Msiba wa Crowhurst ulikuwa mkataba. Mfadhili aliyelipia ujenzi alikuwa na haki ya kudai fedha zake endapo safari ingevunjika mapema, na hiyo maana yake ilikuwa kufilisika: biashara iende, na nyumba ya familia ikiwa hatarini. Katikati ya Novemba alikaa akaandika katika daftari lake orodha ndefu ya mabovu ya chombo, akapima kuendelea na kurudi, na hoja zake zilikuwa za mtu mwenye akili timamu anayejua kwamba chombo hakiwezi kuhimili Bahari ya Kusini. Akashindwa kurudi, kwa kuwa nchi kavu hakukuwa na mahali pa kurudia.

Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo katika sura hii. Kuandaa chombo na kuandaa maisha ni kazi moja, na lengo lake ni kwamba siku yoyote, katika maji yoyote, uweze kusema "narudi" na usipoteze kila kitu.

Chombo kipya kipewe nafasi ya kuonyesha aibu zake

Mnunuzi wa mashua mpya huamini kwamba upya ni ukamilifu. Mafundi wa vyombo wanajua sivyo. Waya mpya zinazoshikilia mlingoti hulegea baada ya safari za kwanza, na zisipokazwa upya mlingoti hucheza. Boliti hukaa vizuri gatini, zikaanza kusogea zikipigwa na mawimbi. Gundi ya kuzuia maji kuzunguka madirisha haijulikani kama imeshika mpaka wimbi lipande sitaha. Nyaya za umeme zilizobanwa vibaya hukatika kwa mtikisiko, mara nyingi usiku, mara nyingi mvua ikinyesha.

Kwa hiyo chombo kipya kisafirishwe karibu na nyumbani, kwa hatua, na kila hatua iwe ngumu kidogo kuliko iliyotangulia. Anza na nusu siku. Kisha lala nacho usiku mmoja nje ya miamba, mkipokezana zamu. Kisha kitoe siku tatu mfululizo, na katika siku hizo usitafute raha. Punguza tanga usiku wa manane. Zima injini, ingia bandarini kwa matanga. Ng'oa gurudumu la usukani, uendeshe kwa mkono wa dharura. Jaza ndoo kadhaa za maji katika ngama uone kama pampu inayafikia na kama kuna takataka zinazoiziba. Simamisha chombo baharini kwa tanga dogo lililogeuzwa na usukani uliofungwa, ujue kinatuliaje, kwa maana siku ya dhoruba hiyo ndiyo itakuwa sehemu yako ya kulala.

Kwa anayeanzia Tanga, Mtwapa au Kilifi, ambako wasafiri wa bahari za mbali wamezoea kutia nanga, safari ya kupima ipo mlangoni. Zunguka kisiwa cha Pemba wakati wa kusi. Kupanda upande wa magharibi wa kisiwa hadi Ras Kigomasha ni raha, upepo uko nyuma na mkondo unakwenda nawe. Ukiizunguka rasi ukaanza kushuka upande wa mashariki, upepo ni wa mbele, mkondo wa kaskazini unakurudisha, bahari iko wazi mpaka Ushelisheli, na hakuna bandari ya kukimbilia. Chombo kitakachoshindwa hapo hakiwezi kuvuka bahari, na nyumbani bado ni karibu.

Kila kasoro iandikwe siku hiyohiyo: ilitokea wapi, katika upepo gani, imetengenezwaje. Daftari hilo litakufaa kuliko kitabu cha mtengenezaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini ukuta haujengeki.

Faida ya kukijua chombo namna hii ilionekana kwa Knox-Johnston kusini ya visiwa vya Cape Verde. Suhaili ilianza kuvuja kwa kasi, naye alijua pa kutazama: mshono wa mbao unaopakana na mkuku, palepale palipowahi kumsumbua zamani. Upepo ulipotulia alizamia na miwani ya majini, akakuta mwanya mrefu upande huu na upande ule. Alijaribu kalafati ya pamba, na kila akipanda kuvuta pumzi ilikuwa ikichomoka. Ndipo akashona ukanda wa turubai, akaupaka lami, akautoboa kwa misumari midogo ya shaba, akauteremsha na kuupigilia juu ya pamba, pumzi moja msumari mmoja. Alivaa shati na suruali za rangi nyeusi ili weupe wa ngozi yake usivute papa. Papa mmoja alikuja hata hivyo, akalazimika kumpiga risasi. Kisha akaongeza ukanda wa shaba juu ya turubai, na shwari iliporudi akamaliza upande wa pili. Mashua ikaizunguka dunia na kiraka kile.

Matundu, maji na nanga

Siwezi kukipitia kila kifaa hapa. Nachagua vitatu, kwa kuwa ndivyo vinavyohukumu mapema.

Cha kwanza ni matundu yaliyo chini ya maji: ya choo, ya sinki, ya kupoza injini. Tundu la inchi moja na nusu lililo nusu mita chini ya usawa wa maji huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Mtu mmoja na pampu ya mkono hawezi kushindana nalo kwa muda mrefu. Kwa hiyo kila tundu liwe na valvu inayofunguka na kufungika kwa mkono mtupu, mpira wake ubanwe na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, na pembeni pafungwe kwa uzi kizibo cha mbao laini kilichochongwa kwa saizi ya tundu hilo. Valvu zizungushwe kila mwezi ili zisigande. Chora ramani ya matundu yote, ibandike ndani ya mlango wa kabati, na kila mtu aliye chomboni, pamoja na watoto, ajue kuyafikia gizani.

Cha pili ni maji ya kunywa. Mtu mmoja hutumia lita tatu hadi nne kwa siku kwa kunywa na kupikia. Watu wawili kwa siku 30 wanahitaji lita 240, na busara ya bahari ni kuongeza nusu yake, ziwe 360. Muhimu kuliko hesabu hiyo ni kuyagawa. Knox-Johnston alifika Bahari ya Kusini akakuta maji ya tangi lake yameharibika, na kilichomwokoa ni mvua aliyokinga kwa tanga. Weka maji katika matangi mawili yasiyounganika, na sehemu nyingine katika madumu yaliyofungwa imara. Mashine ya kuchuja chumvi ni msaada mkubwa, lakini ihesabiwe kuwa nyongeza, kwa sababu inategemea umeme na vichungio.

Umeme nao ni hesabu ileile ya kugawa. Mashine ya kushika usukani inayokula ampea 4 itamaliza ampea-saa 96 kwa siku, kabla hujawasha taa wala friji. Usukani unaoendeshwa na upepo wenyewe, ule ubao unaosimama tezini, haudai umeme hata kidogo. Mashua ndogo inayovuka bahari ifungwe huo kwanza, kisha wenye mashua wafikirie anasa.

Cha tatu ni nanga. Wageni wa pwani yetu hushtuliwa na maji kujaa na kupwa, kwani siku za bamvua hutofautiana karibu mita nne. Ukitia nanga maji yakiwa yamepwa kwenye kina cha mita sita, na omo iko mita moja juu ya maji, hesabu yako si sita, ni kumi na moja: sita, moja na nne. Kwa mnyororo, zidisha mara tano, upate mita 55. Mwenye mnyororo wa mita 30 atalala vizuri jioni, na alfajiri atajikuta juu ya mwamba. Nunua nanga moja kubwa kuliko kipimo cha muuzaji, na ya pili ya kuisaidia, kabla ya kununua skrini ya pili.

Na chombo kibaki chepesi. Bernard Moitessier, mwenye uzoefu kuliko wote katika mashindano yale ya 1968, alitumia siku zake za mwisho Plymouth akishusha vitu, hata injini. Hakuna haja ya kufika alikofika yeye, lakini kila kilo isiyo na kazi hukishusha chombo majini na kukifanya kizito kuinuka katika wimbi.

Nchi kavu

Wazee wa majahazi waliosafiri kati ya pwani yetu, Uarabuni na Bara Hindi walikuwa na desturi kabla ya kuondoka. Walilipa madeni au kuyaandikia mashahidi, wakaacha wosia na masurufu ya nyumbani, wakazunguka kwa wazazi na majirani kuomba radhi. Walifanya hivyo kwa dini na kwa adabu. Ilikuwa pia kazi ya ubaharia, kwa kuwa nahodha asiyedaiwa na mtu huamua kwa kutazama mawingu, na nahodha anayedaiwa huamua kwa kumtazama mdai wake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya fedha ni hii: usivuke bahari kwa chombo cha mkopo usioweza kuulipa ukiwa umerudi mikono mitupu. Bora mashua ndogo iliyokwisha kulipiwa. Wamiliki wengi hukadiria kwamba matengenezo hula kila mwaka kama sehemu ya kumi ya thamani ya chombo, hivyo mashua ya nusu bei hukupunguzia mzigo mwaka hadi mwaka. Kisha gawa akiba mafungu matatu: matumizi ya mwezi, matengenezo, na nauli ya dharura ya kuwarudisha wote nyumbani kwa ndege kutoka popote mlipo. Fungu hili la tatu lisiguswe. Anayeligusa kwa ajili ya tanga jipya ameuuza uhuru wake.

Kanuni ya pili ni mamlaka. Mteue mtu mmoja nchi kavu, mpe hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili, ili aweze kulipa kodi, kupangisha nyumba na kusaini kwa niaba yako. Mpe nakala za pasi, hati ya usajili wa chombo na bima. Mwachie pia ratiba: mnatazamiwa kufika lini, asubiri siku ngapi kabla ya kuingiwa na wasiwasi, na apige simu kituo gani cha uokoaji. Kifaa cha kuita msaada kwa satelaiti kisajiliwe kwa jina la chombo na namba ya simu ya mwakilishi huyo, kwani waokoaji watampigia yeye kwanza.

Kanuni ya tatu ni mwili. Nenda kwa daktari wa meno miezi kadhaa kabla, si wiki ya mwisho, maana jino linaloguna bandarini hulia katikati ya bahari. Beba dawa zako za kudumu kwa muda mara mbili ya safari, zikiwa na barua ya daktari, na miwani ya akiba. Angalau watu wawili chomboni wajue kushona jeraha, kufunga mfupa uliovunjika na kumtibu aliyepungukiwa maji.

Kanuni ya nne ndiyo inayovunja safari nyingi kuliko dhoruba: wanaokwenda wawe wanataka kwenda. Mke anayefuata kwa kumridhisha mume, au kijana aliyetolewa shule bila kuulizwa, atavumilia mpaka bandari ya tatu. Kila mmoja apewe zamu yake ya kuwa nahodha wakati wa safari za kupima, aamue njia, aamue tanga, na wengine wamtii. Anayejua kukirudisha chombo bandarini peke yake haogopi tena kuwa mzigo, na aliyezoea kuamuru hujifunza kwamba wenzake wanaweza. Na kama kuna mzazi mzee nyumbani, mwamue kabla, si kwa simu yenye mikwaruzo kutoka kisiwa cha mbali, nani atarudi hali yake ikibadilika.

Tarehe

Siku ya kuondoka huamuliwa na upepo. Wanaovuka Atlantiki kutoka visiwa vya Canary kwenda Karibi hungoja hadi mwishoni mwa Novemba, msimu wa vimbunga unapokwisha upande wa pili. Katika Bahari ya Hindi ya kusini vimbunga huvuma kuanzia Novemba hadi Aprili, na mwenye busara anakuwa amekwisha kutoka katika njia ya vimbunga hivyo. Pwani yetu imepangiwa maisha na kaskazi na kusi tangu zamani, na jahazi lililochelewa msimu lilingoja msimu mwingine bila fedheha. Hivyo dirisha likikupita kabla chombo hakijawa tayari, subiri mwaka. Usiifanyie karamu tarehe ya kuondoka, wala usimuahidi mtu yeyote kwa mkataba.

Mkifika hapo, fanyeni kazi moja ya mwisho. Kaeni wote mezani, nchi kavu, mkiwa mmeshiba na hamna haraka, mwandike mambo yatakayowarudisha: uvujaji unaohitaji pampu zaidi ya saa kadhaa mtakazozitaja, usukani wa upepo kuvunjika kabla ya nusu ya njia, homa isiyoshuka kwa siku mtakazokubaliana, mtu mmoja kusema imetosha. Muandike na bandari mtakayorudia katika kila sehemu ya safari, maana mara nyingine upepo hauruhusu kurudi mlikotoka na kurudi ni kusonga mbele kwenda kisiwa kilicho karibu. Kila mtu atie saini, na mwakilishi wenu apewe nakala.

Crowhurst alikuwa na uwezo wa kuiandika karatasi hiyo, na kwa kweli aliiandika, akiwa peke yake baharini, saa ambayo hakuna aliyeweza kuitekeleza pamoja naye. Knox-Johnston alipopokea zawadi ya pauni 5,000 aliitoa yote kwa familia ya marehemu. Ulikuwa ukarimu mkubwa, na familia iliuhitaji. Iandikeni yenu mapema, lipeni mnachodaiwa, kisha subirini upepo wenu.